Ampu ya valvu au ya chipu? Shajara ya mradi wa radiogramu ya mjomba, Arusha

Jumamosi, kufungua mgongo

Haya wakuu, naanza kuandika hii shajara mapema kwa sababu vipimo nisipoviandika siku hiyohiyo vinapotea, alafu mtu akiniuliza volti ngapi nabaki kujing'atang'ata. Mradi uko hivi. Mjomba wangu anakaa Sakina, ana radiogramu ya mwanzoni mwa miaka ya 60, lile kabati la mbao lenye miguu minne, redio upande huu, pleya ya santuri upande ule, imelala stoo miaka na miaka imefunikwa kanga. Sasa mwanae mmoja kamwonyesha kwenye simu ampu (vikuza sauti) mpya za valvu, zile chupa za kioo za kabla ya transista, za kuagiza nje, bei zinaanzia milioni na kitu kabla hata hujalipa usafiri na ushuru, mzee wa watu kashaanza kuhesabu hela ya kahawa ya shamba la Tengeru kabla haijavunwa.

Mi nikamwambia "mjomba subiri kwanza, valvu unazo tayari humu ndani, tuzifufue, alafu nikutengenezee na ampu ya chipu, yaani transista nyingi ndani ya kipande kimoja, uzisikilize zote mbili kwenye spika zilezile, ukiona kuna tofauti ya milioni basi agiza." Akakubali, ila kwa shingo upande maana yeye anaamini kabisa kwamba ile sauti ya ujana wake ilikuwa ndani ya zile chupa za kioo na ikaondoka na transista.

Sasahivi anasikilizia sabufa la madukani. Mbele limeandikwa PMPO (eti nguvu ya kilele cha muziki) wati 10,000, ukigeuza nyuma kwenye lebo linakula umeme wati 40. Hiyo PMPO haina maana yoyote jamani, kitu kinachokula 40 hakiwezi kutoa elfu kumi, hata hizo 40 zenyewe nyingine zinaishia kuwa joto. Ukitaka kujua ampu ina nguvu gani angalia transfoma na lebo ya nyuma, stika ya mbele achana nayo.

Nimefungua mgongo, vumbi la Arusha mnalijua. Za redio nimeziacha zilivyo, ninazozitaka ni ECC83 moja ya kukuza sauti mwanzoni, EL84 mbili za kusukuma spika (moja kushoto moja kulia) na EZ81 ya kunyoosha umeme, yaani kugeuza AC kuwa DC. EL84 ni valvu ya familia ya Philips, ilitoka 1953, na wale wa Arusha wanaoshuka kifodi pale Philips barabara ya Moshi wajue jina la ile sehemu limetokana na kiwanda cha redio kilichokuwepo pale, kwaiyo mji huu na hizi mambo sio wageni kabisa.

Jumatano usiku, umeme wa kwanza

Kitu cha muda mrefu hivi hauchomeki tu ukutani. Nimetengeneza lile boksi la balbu, yaani balbu ya zamani ya filamenti inaungwa kwenye njia ya umeme kabla ya mashine, ikiwa ndani kuna shoti balbu inawaka kwa nguvu na mashine inapona. Shida sikuhizi kila mtu ana LED, balbu ya filamenti ya wati 100 nimeipata kwa jamaa anayeuza vifaa vya kuku soko la Kilombero, wanatumia kupashia vifaranga.

Kwa wanaotaka kuiga: humu ndani kuna volti 250 mpaka 300 za DC na kapasita zinazishika hata ukishachomoa. Mi natumia rezista ya kilo-omu 10 yenye waya na klipu, naiacha kwenye kapasita sekunde kadhaa, napima na mita mpaka isome karibu na sifuri, ndo naingiza kidole. Mkono mmoja mfukoni wakati wa kupima kitu kimewaka. Sabufa la volti 12 linakusamehe, hii haisamehi.

Cha pili ni kile kiswichi cha volti nyuma ya transfoma, kilikuwa kwenye 220. Pale kwa mjomba usiku watu wakilala nimepima ukutani 245. Ukipiga hesabu, filamenti za valvu (hita za ndani) zinazotakiwa volti 6.3 zinapata 7.0, na watengenezaji wanaruhusu kupanda au kushuka asilimia 10 tu, maana yake mwisho 6.9. Nimehamishia kwenye 240, sasa zinakaa 6.4. Kazi ya bisibisi tu, ila ndo inayoamua valvu zidumu au zife mapema.

Jumapili mchana, gridi na mvumo

Leo ndo utamu. EL84 moja ilikuwa inaanza kuwa nyekundu, sio ule mwanga wa chungwa wa filamenti katikati, hapana, bamba lenyewe la nje la chuma (anodi), kidoa chekundu ubavuni kinakua taratibu. Nikazima haraka. Ukiona hivyo usikimbilie kusema valvu imekufa, pima kwanza gridi, ule waya wa ndani unaodhibiti mkondo. Gridi inatakiwa isome volti 0 dhidi ya graundi, na kathodi (inayotoa elektroni) iwe juu kama volti 7, hiyo tofauti ndo breki ya valvu. Hii yangu gridi ilisoma +4. Maana yake ile kapasita ya karatasi inayoleta sauti kutoka ECC83 inavujisha DC, breki imeachiwa, valvu inapitisha mkondo kuliko uwezo wake. Nimezitoa zote mbili nikaweka za poliesta 0.022 mikrofaradi za volti 630, gridi ikarudi sifuri, kidoa kikapotea. Kapasita mbili za bei ya chipsi mayai zimeokoa valvu ambayo mtu angeiagiza Slovakia.

Vipimo baada ya hapo: anodi 248, mkondo miliampia 46, ambayo ni wati kama 11 na nusu zinaungua ndani ya kila EL84 muda wote, uwe unasikiliza au umenyamazisha. Mwisho wake ni 12. Kitabu cha valvu kinasema kwa mpangilio huu inatoa wati 5.7, lakini soma mstari wa pembeni, hiyo 5.7 ni ikiwa sauti imeshapinda asilimia 10. Za kusikilizika vizuri mi nahesabu 4, 4 na nusu.

Mvumo ulikuwepo. Nikaurekodi kwenye simu nikaangalia kwenye programu ya masafa, mlima uko kwenye hezi 100. Hiyo inasaidia sana kujua pa kuanzia, maana ukiwa 50 unawinda waya za filamenti au graundi, ukiwa 100 ni umeme ulionyooshwa lakini haujachujwa vizuri, kapasita kubwa zimechoka. Kuna chalii hapa jirani akanishauri "weka kapasita ya mikrofaradi 470 uue kabisa mvumo." Kwenye ampu ya transista sawa, hapa hapana, EZ81 kapasita ya kwanza baada yake mwisho ni 50, ukizidisha ule mkondo wa kujaza kapasita unaiua. Nimeweka 47 ya volti 450, rezista, alafu 100 baada ya rezista. Mvumo umebaki wa kusikika ukiweka sikio kwenye spika tu.

Wiki iliyofuata, upande wa chipu

Hapa sina stori ndefu na hilo lenyewe ni jibu. LM3886, chipu moja kila upande, transfoma ya 18-0-18 inayotoa kama volti 25 chanya na 25 hasi, hitisinki (bamba la kupozea) ya alumini kutoka kwenye ampu mbovu, jioni mbili tatu imekwisha. Kwa omu 8 inatoa wati kama 28 kabla haijakata. Angalizo tu la kununua: LM3886 feki zipo nyingi kama zilivyo transista za 2SC5200 feki, kwaiyo nunua kwa mtu ambaye ikiungua utamkuta palepale kesho.

Watu wanauliza kwanini valvu ni ghali hivyo. Sehemu kubwa ni transfoma ya kutolea sauti. Valvu inafanya kazi na volti nyingi na mkondo kiduchu, inataka ione kama omu 5,200 mbele yake, spika ina 8, kwaiyo lazima pawepo transfoma katikati ya mizunguko kama 25 kwa 1, na iwe ya chuma cha kutosha ipitishe besi. Ndogo ikikosa chuma besi inakufa, na ndo maana zile ampu za valvu za bei rahisi mara nyingi hazina kitu chini. Transista hazihitaji hiyo kitu, zina mkondo wa kutosha zinaungwa kwenye spika moja kwa moja.

Na LUKU je? Ya valvu inakula kama wati 50 hata ikiwa kimya. Masaa manne kwa siku ni uniti 6 kwa mwezi, haiui mtu, ila mjue mnalipia hita inayoimba.

Alhamisi, wati zinazotumika kweli

Kabla ya mashindano nilitaka kujua mjomba anatumia wati ngapi. Nimemwambia aweke sauti anayoipenda, zilipendwa zake, nikashika mita kwenye waya za spika. Mita ya kawaida muziki haiupimi vizuri lakini picha unaipata: inacheza kwenye volti moja, chini ya hapo mara nyingi. Volti 1 kwa omu 8 ni wati 0.125. Robo ya wati haifiki! Kilele cha ngoma na tarumbeta kinaruka mara kumi au zaidi ya hapo, bado ni wati moja mbili tatu.

Kwaiyo tofauti ya wati 4 na nusu na wati 28 ni desibeli 8, na hizo desibeli 8 ni za wakati wa sherehe tu, sebuleni kwa kawaida zote mbili zimekaa wanapiga miayo. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3, sikio linasema "imepanda kidogo". Uisikie mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Mtu anayetoka ampu ya wati 50 kwenda 80 akitegemea nyumba ihame, atahama yeye. Kinyume chake spika ya desibeli 96 kwa wati moja ukilinganisha na ya 86 inakupa hizo 10 bure, wati moja inafanya kazi ya kumi. Spika za karatasi za kwenye radiogramu ziko upande wa juu kwa sababu enzi hizo wati zilikuwa adimu.

Jumamosi, mjomba kafungwa macho (kwa namna ya kusema)

Nimeunganisha swichi kubwa, inahamisha spika kati ya ampu A na B, na ile isiyo kwenye spika inaangukia kwenye rezista ya omu 8 wati 20. Hilo kwa valvu sio hiari, transfoma ya kutolea ikikosa mzigo wakati sauti inapita, volti za upande wa valvu zinaruka juu mpaka zinaweza kutoboa insulesheni. Sauti nimesawazisha kwa toni ya kilohezi 1 mpaka mita inasoma 2.00 huku na 2.02 kule, maana sikio likipewa mbili zinazofanana, yenye sauti juu kidogo ndo linaisifia, na hapo ndo majaribio mengi ya dukani yanapoharibika. Ampu zote zimefunikwa shuka. Mjukuu anabonyeza swichi, mjomba anaandika kwenye daftari.

Raundi ya kwanza mzee kanishangaza, alikuwa anapatia karibu kila mara. "Hii ina besi ya kushiba, na sauti ya mwimbaji iko mbele." Ilikuwa valvu kweli. Akatabasamu yule, akanigeukia, "mjomba, unaona? Nilikuambia mimi."

Nikamwambia sawa, tunywe chai kwanza. Na wakati wa chai nikapima ampu ya valvu kitu kimoja: toni ileile, mzigo wa omu 8 inasoma 2.00, mzigo wa omu 16 inasoma 2.31. Ampu isiyoyumba na mzigo ingebaki palepale. Hiyo kupanda maana yake ndani yake kuna kama omu 3 zimejificha kwenye njia ya kutokea. Za LM3886 ni vijisehemu vya mia vya omu, huwezi kuzipima kwa mita ya mkononi.

Sasa hapa ndo penye ishu yenyewe. Spika inayoitwa omu 8 sio omu 8, hizi za mjomba nimezipima, kwenye masafa mengine zinashuka 6, kwenye besi pale inapotetemeka kwa asili yake zinapanda mpaka 30, na juu kidogo kwenye krosova (inayogawa besi na sauti za juu) zinapanda tena. Omu 3 zilizojificha zinagawana volti na spika, pale spika ilipo 6 zinakula theluthi, pale ilipo 30 zinakula kidogo sana. Piga hesabu inakuja tofauti ya desibeli 2.7 kati ya hizo sehemu mbili. Yaani ampu ya valvu imezungusha kitufe cha besi na cha sauti ya kati bila kumwambia mtu, na kila spika inazungushiwa tofauti. Ndo maana mtu mmoja anasema valvu ni joto na asali, mwingine anasema besi imelegea, na wote wanasema ukweli wa spika zao.

Nikaenda kwenye boksi la bodi za tivi za mgongo, nikachomoa rezista zile nyeupe za saruji, omu 3.3 wati 10, nikaziunga mfululizo kati ya chipu na spika. Nikasawazisha sauti upya maana zinapunguza. Raundi ya pili.

Mjomba kaandika, kafuta, kaandika. Kaomba irudiwe. Mwisho kaweka kalamu chini. Tulipolinganisha daftari na orodha ya mjukuu ilikuwa ni kubahatisha, na mara kadhaa ile chipu yenye rezista kaandika "valvu, hakika".

"Kwaiyo mjomba unataka kuniambia milioni mbili zangu zilikuwa zinaenda kununua hako kajiwe keupe?"

"Sio zote mjomba, kuna taa nzuri na kabati la chuma linang'aa."

Alicheka mpaka mkaza mjomba akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Nikamwambia hata sio ugunduzi wangu, mwaka 1985 injinia mmoja wa Marekani, Bob Carver, aliwaambia wahariri wa jarida la Stereophile kwamba ataifanya ampu yake ya transista ilingane na ampu ghali wanayoikubali wao, akairekebisha palepale, walivyosikiliza wakashindwa kuzitenganisha, na ile waliyoichagua ilikuwa ya valvu.

Ila tusitoke hapa tukasema valvu ni utapeli. Raundi ya tatu tulipandisha sauti ya sherehe, hapo hata mkaza mjomba alijua bila kuona: valvu ilianza kunenepa na kulainika, ngoma zinakosa ncha, akasema "hiyo imechoka". Chipu iliendelea safi mpaka mbali, ingawa yenyewe ikifika mwisho inakata kama panga na twita (spika ndogo za sauti za juu) ndo zinaumia. Kwa wapiga gitaa huko kulainika ndo wanakotaka, ampu kama Vox AC30 yenye EL84 nne inasukumwa makusudi ipinde, pale ampu ni sehemu ya ala. Sebuleni unacheza muziki ambao mtu mwingine kashaumaliza studio, kazi ni tofauti.

Jumapili, sebule yenyewe

Huku ndo hela ilipaswa kuanzia. Spika moja ilikuwa juu ya kabati la vyombo inagusana na jipsamu, nyingine chini kwenye kona nyuma ya kochi. Sakafu marumaru, ukuta mtupu. Ukipiga kofi katikati ya chumba linakujibu.

Tumeshusha zote mbili mbele, juu ya stuli, twita usawa wa sikio la aliyekaa, mbali na kona kama hatua moja, umbali kati yake sawa na umbali mpaka kwenye kochi la mjomba. Besi ya kona iliyokuwa inavuma noti moja tu imepungua, na mzee kwa mara ya kwanza kasikia gitaa la risimu liko kulia na la solo kushoto, akanyoosha kidole kabisa. Zulia la chumbani tumelileta sebuleni, lile kofi halijibu tena. Gharama sifuri, na tofauti yake hakuna aliyehitaji daftari kuitambua.

Alafu flashi. Ile flashi ya nyimbo mia tano aliyonunua stendi nimeiangalia, nyimbo nyingi ni kilobiti 64 kwa sekunde, yaani zimebanwa sana, juu kote kumekatwa, matoazi yanasikika kama mchanga unamwagwa kwenye bati. Hapo uweke ampu ya Ulaya au ya mtaani Unga Limited matokeo yaleyale. Santuri zake mwenyewe zipo kabatini, tumezifuta, sindano ya pleya ndo inatakiwa mpya.

Hali ilivyo mpaka leo

Valvu inabaki, mjomba kakataa kuiuza hata kwa utani. Anaiwasha jioni kwa sauti ya chini na anajua kabisa sasa anachokipenda ndani yake ni nini, hilo halijampunguzia raha hata kidogo. Chipu inatumika mchana na wageni wakija, nimeiwekea swichi ya kuingiza au kutoa zile omu 3.3, mwenyewe anaiita "swichi ya uzee". EL84 mpya hatuagizi kwa sasa, mikondo imetulia, zote mbili zinatofautiana chini ya miliampia mbili.

Hela ya kahawa ikiingia imegawanywa hivi: sindano ya pleya kwanza, spika za mtumba zenye wufa (spika ya besi) ya inchi 10 na usikivu wa 90 kwenda juu, mapazia mazito. Ampu haimo. Mi kwa upande wangu imebaki krosova za spika za sasa, zina kapasita za elektroliti 4.7 mikrofaradi zilizochoka, nimepima moja inasoma 3.1 na nyingine 6.8, ndo maana kulia kunang'aa kuliko kushoto. Nikipata za filamu nabadilisha zote mbili pamoja na naandika vipimo vya kabla na baada.